Kosa la segimenti kwenye kiwango cha asembli: GDB na faili la kori, Valgrind, AddressSanitizer au rr?

Programu ya C au C++ inapouawa na ishara ya SIGSEGV (kosa la segimenti, yaani kugusa kumbukumbu isiyoruhusiwa) kwenye Linux, mtu anayetafuta chanzo huwa na njia nne za kawaida. Anaweza kufungua faili la kori, yaani nakala ya kumbukumbu ya programu ilipoanguka, kwa GDB, zana ya kuchunguza programu, na kusoma hali ya rejesta (vihifadhi vidogo vya ndani ya prosesa) kama ilivyokuwa wakati wa kuanguka. Anaweza kuiendesha programu ileile chini ya Valgrind. Anaweza kuikompaili upya kwa AddressSanitizer. Au anaweza kuirekodi kwa rr na kisha kuitembeza kinyumenyume. Mara nyingi njia hizi hulinganishwa kwa kasi, na kasi ni jambo la haki kuulizwa, lakini kwa maoni yangu si la kwanza. La kwanza ni umbali uliopo kati ya agizo lililoharibu na agizo lililoanguka. Umbali huo ukiwa wa maagizo kumi au ishirini ndani ya funksheni moja, rejesta na asembli (maagizo ya prosesa yakiandikwa kwa maneno) zinatosha, na zana nyingine zote ni mzigo. Ukiwa wa mamilioni ya maagizo, hata msomaji hodari wa asembli atabaki akitazama mahali uharibifu ulipogunduliwa, si pale ulipotendeka.

Yanayofuata yanahusu prosesa za x86-64, na asembli imeandikwa kwa mtindo wa AT&T, ambao ndio GDB huutumia isipoambiwa vinginevyo.

Prosesa inasema nini hasa

Prosesa haijui kielekezi, orodha wala muundo wa data. Inajua anwani na kurasa za kumbukumbu. Agizo linapogusa ukurasa ambao haumo kwenye ramani ya mchakato, au uliomo lakini hauna ruhusa inayotakiwa, prosesa huibua mkatizo namba 14, huiweka anwani iliyoguswa ndani ya rejesta ya CR2, na kuikabidhi kerneli, sehemu ya ndani kabisa ya mfumo wa uendeshaji, namba ya kosa. Kerneli huligeuza jambo hilo kuwa ishara namba 11, na ndiyo maana ganda la amri huripoti hali ya kutoka ya 139, yaani 128 kujumlisha 11.

Wakati huohuo kerneli kwa kawaida huandika mstari mmoja kwenye batli yake, unaosomeka kwa `dmesg`. Huu ndio ushahidi wa bei nafuu kuliko wote, na inashangaza jinsi unavyorukwa. Unataja anwani iliyoguswa, agizo lililokuwa likitekelezwa, kilele cha staki (eneo la kumbukumbu la uitaji wa funksheni) na namba ya kosa iliyoandikwa kwa heksadesimali. Namba 4 ni programu kusoma ukurasa usiokuwepo, na 6 ni kuandika kwenye ukurasa usiokuwepo. Namba 7 ni kuandika kwenye ukurasa uliopo lakini usioruhusu kuandikwa, kama ule unaohifadhi matini ya kudumu ya programu. Namba 14 (hii ya heksadesimali, si ule mkatizo) ni kujaribu kuchota agizo mahali pasipo na kitu, jambo ambalo karibu kila mara humaanisha kielekezi cha funksheni kilichoharibika, na 15 ni kurukia ndani ya data na kutaka kuitekeleza kana kwamba ni msimbo.

Kuna upekee mmoja ambao umepoteza saa nyingi za watu. Kwenye anwani za biti 48, ambazo ndizo za kawaida kwenye prosesa hizi, biti za juu kabisa lazima zifanane na biti ya 47. Kielekezi kisichotimiza sharti hilo, kwa mfano kilichojazwa herufi zikawa 0x4141414141414141, hakiibui mkatizo wa 14 bali wa 13, ambao hauandiki chochote ndani ya CR2. Matokeo yake ni kwamba ishara huja ikidai anwani iliyoguswa ni sifuri, na mtu huanza kutafuta kielekezi tupu ambacho hakipo. Hali hiyohiyo hutokea kwa `movaps` inapopewa anwani isiyogawanyika kwa 16: anwani ni halali, ukurasa upo, ruhusa ipo, na bado programu huanguka, kwa kawaida kwa sababu mtu ameandika asembli kwa mkono akaita funksheni bila kupanga staki kwenye mpaka wa baiti 16. Kwa hiyo anwani inayotajwa na zana yoyote haiaminiki mpaka ilinganishwe na agizo lenyewe na rejesta zake.

Kuhusu kuigeuza anwani ya agizo kuwa mstari wa msimbo kwa `addr2line`, tahadhari moja inatosha. Namba iliyo ndani ya mabano ya mstari wa kerneli ni mwanzo wa eneo la ramani lililokuwa na agizo hilo, si mwanzo wa programu nzima. Katika programu nyingi za siku hizi sehemu ya msimbo huanzia ofseti (umbali kutoka mwanzo) ya 0x1000 au zaidi ndani ya faili, na anayeitoa namba hiyo bila kujumlisha tena ofseti hiyo huishia kwenye funksheni jirani, kisha huilaumu kwa uhakika mkubwa.

Mfano mmoja wa kupimia zote nne

Tuseme kuna muundo wa data ambao uga wake wa kwanza ni kielekezi cha muundo mwingine. Sehemu moja ya programu imeuachilia muundo huo kwa `free`, na sehemu nyingine, baadaye sana, bado inaushikilia na kuusoma. GDB ikifunguliwa juu ya faili la kori inaonyesha hivi:

```
   mov    (%rdi),%rax
=> mov    0x8(%rax),%rdx

rdi = 0x5555555592a0
rax = 0x555555559
```

Anwani iliyoguswa ni 0x555555561, na namba ya kosa kwenye batli ni 4. Hakuna kielekezi tupu hapa, na maagizo mawili haya hayana hatia yoyote.

GDB na faili la kori

Nguvu ya faili la kori ni kwamba ndilo shahidi pekee aliyekuwepo. Zana nyingine tatu zinahitaji kosa lijirudie, hili halihitaji. Programu ikiwa imeanguka mara moja kwenye seva usiku na haijaanguka tena, mjadala wa kuchagua zana umekwisha kabla haujaanza. Sharti ni kwamba lilikuwa limeruhusiwa mapema: `ulimit -c` isiwe sifuri, na `/proc/sys/kernel/core_pattern` iwe inaelekeza mahali panapojulikana. Kwenye mifumo inayotumia systemd faili huweza kuchukuliwa na mfumo wenyewe na kupatikana kwa `coredumpctl gdb`.

Kazi huanza kwa `x/i $rip` (`rip` ni rejesta inayoshika anwani ya agizo linalotekelezwa) na `info registers`, kisha `x/20i` kutoka mahali fulani kabla ya agizo lililoanguka. Swali ni moja tu na hurudiwa: thamani mbaya imeingiaje ndani ya rejesta hii? Katika mfano wetu jibu la kwanza ni rahisi, kwani `rax` imetoka kwenye kumbukumbu iliyoelekezwa na `rdi`. Anwani ya `rdi` ni halali na inafanana na anwani za hipu, eneo ambalo `malloc` hutenga kumbukumbu. Kwa hiyo kielekezi ni kizima, bali kilichomo ndani yake kimebadilishwa.

Hapa ndipo macho yaliyozoea hupata kitu ambacho hakijaandikwa kwenye ripoti yoyote. Thamani 0x555555559 ni anwani 0x5555555592a0 iliyosogezwa kulia biti 12. Tangu toleo la 2.32, lililotoka mwaka 2020, glibc, maktaba ya msingi ya C kwenye Linux, huficha vielekezi vya orodha yake ya vipande vidogo vilivyoachiliwa kwa kuvichanganya na anwani ya kipande chenyewe iliyosogezwa kwa namna hiyohiyo. Kipande kikiwa cha mwisho kwenye orodha, kinachobaki ndani yake ni ile anwani iliyosogezwa pekee. Mtu anayelijua hilo atasema, bila kuendesha programu tena, kwamba kumbukumbu hii imekwisha kuachiliwa. Atakachoshindwa kusema ni nani aliyeiachilia, kwa sababu faili la kori ni picha ya dakika moja na halina historia.

Kasoro nyingine hujitokeza pale programu ilipokompailiwa kwa `-O2`, chaguo la kuiboresha kasi. GDB itasema vigezo vingi vimeondolewa na kompaila, na wengi hukata tamaa hapo. Thamani nyingi bado zipo kwenye rejesta, ila inabidi kujua zipi. Kwa kanuni ya uitaji wa funksheni ya System V, inayofuatwa kwenye Linux, rejesta `rbx`, `rbp` na `r12` hadi `r15` hutunzwa na funksheni inayoitwa, hivyo GDB inaweza kuzirejesha unapopanda kwenye fremu za juu, yaani za funksheni zilizoita. Lakini `rdi`, `rsi`, `rax` na wenzao hazitunzwi; ukipanda hadi fremu ya pili ukaandika `p $rdi`, utapewa ile iliyokuwepo kwenye fremu ya ndani kabisa. GDB haitakuonya. Hoja ya kwanza ya funksheni ya juu inatafutwa kwa kusoma asembli yake na kuona ilihamishiwa wapi mara tu ilipopokelewa, na mara nyingi ni `mov %rdi,%rbx` katika mistari ya mwanzo.

Pale `rip` yenyewe inapokuwa sifuri kwa sababu programu imeita kielekezi tupu cha funksheni, orodha ya uitaji (nani alimwita nani) huweza kutoka tupu au ya upuuzi, na watu hulitupa faili wakidai limeharibika. Dawa ni ya mistari miwili. Anwani ya kurudi bado iko kwenye kilele cha staki; ukiendesha programu moja kwa moja chini ya GDB, unaipeleka kwenye `$rip` na kuongeza `$rsp`, rejesta ya kilele cha staki, kwa 8, kisha `bt`, amri ya kuonyesha orodha ya uitaji, inafanya kazi. Kwenye faili la kori rejesta haziandikiki, lakini `x/gx $rsp` ikifuatiwa na `info symbol` inakupa jina la aliyeita.

Valgrind

Memcheck, ambayo ndiyo zana watu wengi humaanisha wanaposema Valgrind, huichukua programu kama ilivyo, huitafsiri maagizo yake papo kwa papo, na kufuatilia kwa kila baiti kama inaruhusiwa kuguswa na kwa kila biti kama imewahi kupewa thamani. Haihitaji msimbo chanzo, na hiyo ndiyo sifa inayoiweka hai mpaka leo. Mwongozo wake wenyewe unakiri kwamba programu huenda polepole takribani mara 20 hadi 30.

Katika mfano wetu Valgrind haingoji agizo la pili. Inalalamika kwenye `mov (%rdi),%rax`, inasema kwamba baiti nane zimesomwa ndani ya kipande kilichoachiliwa, na inatoa orodha ya uitaji ya aliyekiachilia na ya aliyekitenga. Swali lililoishinda GDB limejibiwa kwa ukamilifu. Huenda hata programu isianguke kabisa, kwa kuwa Valgrind huweka kitenga-kumbukumbu chake badala ya kile cha glibc na huchelewesha kutumia tena vipande vilivyoachiliwa, hivyo kielekezi cha zamani bado kipo mle ndani. Hilo linawachanganya wanaoanza: programu inamaliza salama na ripoti imejaa makosa. Ripoti ndiyo ya kusadikiwa.

Mipaka yake ni ya wazi. Haioni mtu anayevuka mwisho wa safu iliyo kwenye staki au ya kimataifa ndani ya programu, kwa sababu baiti zinazofuata nazo ni halali. Programu iliyounganishwa na maktaba zote ndani yake humnyima Memcheck nafasi ya kukamata `malloc` bila chaguo za ziada. Na huendesha uzi (mkondo wa utekelezaji) mmoja kwa wakati, hivyo kosa linalotokana na nyuzi mbili kugongana linaweza kutoweka au kubadilika sura. Jambo ambalo wengi hawalitumii ni `--vgdb-error=0`, inayoruhusu GDB kuunganishwa na programu iliyo ndani ya Valgrind, kusimama kwenye kila kosa na kutazama rejesta; kwa mtu anayefanya kazi kwenye asembli, bila hiyo Valgrind ni ripoti tu.

AddressSanitizer

Hii hufanya kazi upande wa kompaila. Ukitumia `-fsanitize=address` kwenye GCC au Clang, kabla ya kila agizo linalosoma au kuandika kumbukumbu huwekwa ukaguzi, na asembli yake ni rahisi kuitambua:

```
mov    %rdi,%rax
shr    $0x3,%rax
cmpb   $0x0,0x7fff8000(%rax)
jne    ...
```

Kila baiti nane za programu zina baiti moja ya kivuli. Sifuri humaanisha zote nane zinaruhusiwa. 1 hadi 7 humaanisha ni zile za mwanzo tu. `fa` ni ukanda wa ulinzi kandokando ya kipande cha hipu, na `fd` ni kumbukumbu iliyoachiliwa. Watunzi wake waliripoti mwaka 2012 kwamba programu hupungua kasi kwa wastani wa asilimia 73, kiasi ambacho hakilinganishwi na cha Valgrind, na kwa sababu hiyo mradi mzima wa majaribio unaweza kuendeshwa nayo kila siku. Kwenye kumbukumbu ndipo inapokula: matumizi hupanda mara kadhaa, na nafasi ya anwani inayotengwa kwa ajili ya kivuli ni kubwa mno kiasi kwamba programu haiwezi kuanza pale `ulimit -v` ilipowekewa kikomo.

Kwa mfano wetu jibu ni sawa na la Valgrind, orodha tatu za uitaji, lakini kwa haraka zaidi na kwa majina kamili ya mistari. Pale inapoizidi Valgrind kabisa ni kwenye staki na data ya kimataifa, kwa kuwa kompaila inajua safu inaanzia na kuishia wapi. Safu ya staki ikizidiwa na kuharibu anwani ya kurudi, GDB itaonyesha `ret` iliyoanguka na staki iliyojaa takataka, Valgrind kwa kawaida itakaa kimya hadi kuanguka, ilhali AddressSanitizer itasimama kwenye agizo la kwanza lililovuka mpaka.

Hata hivyo, kwa mtu wa asembli ina mambo mawili ya kuudhi. La kwanza ni kwamba unachokichunguza si programu iliyoanguka. Fremu za staki zimepanuka, kitenga-kumbukumbu ni kingine, ile alama ya 0x555555559 haitaonekana tena, na kosa lililotegemea mpangilio fulani wa kumbukumbu linaweza kujificha. La pili ni kwamba kielekezi kikiwa cha ovyo kabisa, agizo linaloanguka laweza kuwa lile la kusoma kivuli, si la programu. Anwani utakayoiona haitafanana na kielekezi chochote. Toa 0x7fff8000, zidisha kwa 8, na utapata eneo lenye baiti nane ambalo programu ilikuwa ikilitaka. Maktaba ambazo hazikukompailiwa nayo hazikaguliwi, isipokuwa pale zinapopita kwenye `malloc`, `memcpy` na funksheni nyingine ambazo imezidaka.

rr

Zana hii ilianzia Mozilla. Hurekodi kila kitu kisichotabirika ambacho programu hupokea kutoka nje, yaani majibu ya kerneli, ishara na mpangilio wa nyuzi, kisha huirudia mbio hiyohiyo mara nyingi upendavyo, anwani na rejesta zikiwa zilezile kila mara. Kinachoonekana kwenye skrini ni GDB ya kawaida, ila ina `reverse-continue` na `reverse-stepi`.

Sifa hiyo hubadilisha kazi yenyewe. Rudi kwenye mfano. Umesimama kwenye agizo lililoanguka, unajua `rax` ilitoka kwenye 0x5555555592a0. Unaweka mtego kwa `watch *(long *)0x5555555592a0`, unaandika `reverse-continue`, na mara nyingi unalazimika kuiandika mara ya pili kwa sababu ya kwanza husimama kwenye ishara yenyewe. Programu inarudi nyuma hadi agizo la mwisho lililoandika hapo, nalo liko ndani ya `free` ya glibc. `bt` inakutajia aliyeita. Hukuhitaji kufahamu lolote kuhusu namna glibc inavyoficha vielekezi vyake, hukuhitaji kukompaili upya, na kama thamani ingekuwa imepitia mikono mitano ungeufuata mnyororo wote kwa namna ileile: rejesta hadi kumbukumbu, kumbukumbu hadi agizo lililoandika, agizo hadi rejesta yake. Katika njia zote nne hii ndiyo pekee inayojibu swali la asembli kwa lugha ya asembli.

Kuna aina ya programu ambayo kwayo ubora wake hauna mshindani. Programu nyingi kubwa huomba kipande kikubwa cha kumbukumbu mara moja na kujigawia zenyewe. Valgrind na AddressSanitizer, zisipoelezwa ndani ya msimbo ni lini kila kipande kidogo kinatolewa na kurudishwa, huona bonge moja halali na haziripoti kitu. Mtego wa rr haujali nani anamiliki baiti. Unajali nani aliziandika.

Mtego huo, hata hivyo, una mipaka ya prosesa: x86-64 ina rejesta nne tu za kutegea, kila moja hadi baiti 8. Ukitaka kulinda muundo wa baiti 200, chagua uga.

Bei ya rr iko kwenye vifaa. Inategemea vihesabio vya utendaji vya prosesa ili kujua hasa kila tukio lilitokea baada ya matawi mangapi, na mashine pepe nyingi haziviachi vionekane. `kernel.perf_event_paranoid` nayo inatakiwa iwe 1 au chini yake. Huendesha nyuzi zote kwa zamu kwenye kiini kimoja cha prosesa, kwa hiyo programu ya uzi mmoja haisikii uzito mkubwa, ilhali inayotumia viini 16 kwa pamoja itasikia sana. Kwa makosa ya nyuzi kugongana ipo `rr record --chaos`, inayovuruga zamu makusudi ili kosa lijitokeze. Ikishalinasa mara moja, limenaswa moja kwa moja.

Uchaguzi unavyobadilika na aina ya kosa

Staki ikijaa kwa sababu ya funksheni inayojiita bila kikomo, faili la kori linamaliza kazi. Agizo lililoanguka ni `push`, `call` au uandishi karibu na `rsp`, na `rsp` iko chini kidogo ya eneo la staki, ambalo kikomo chake kwenye mifumo mingi ni MiB 8. Kutumia rr hapo ni kupoteza muda. Kielekezi tupu kilichorudishwa na funksheni iliyoitwa mistari mitatu juu nacho ni hivyohivyo. Ukiona anwani iliyoguswa ni 0x18 na agizo ni `mov 0x18(%rax),%rdi`, basi `rax` ni sifuri na uga ni ule ulio baiti 24 kutoka mwanzo wa muundo.

Kosa linapotoka kwenye nyuzi mbili zinazogombea kumbukumbu moja, AddressSanitizer huhifadhi usambamba halisi na hivyo huliona mara nyingi zaidi kuliko Valgrind, ingawa itaripoti matokeo na si ugomvi wenyewe. Ugomvi ni kazi ya ThreadSanitizer, ambayo haikompailiwi pamoja nayo katika programu moja.

Ushauri wangu kwa mwenye msimbo chanzo na kosa linalojirudia ni kusoma kwanza mstari wa kerneli na maagizo machache kabla ya lililoanguka. Ikibainika kwamba thamani mbaya imezaliwa ndani ya funksheni hiyo au ya aliyeita, abaki na GDB. Ikibainika kwamba imesomwa kutoka kumbukumbu iliyoharibiwa, aende kwa AddressSanitizer ikiwa kukompaili upya ni rahisi, na kwa rr ikiwa si rahisi au ikiwa AddressSanitizer imelificha kosa. Valgrind naiweka nyuma kwa sababu moja tu, mwendo wake. Asiye na msimbo chanzo na ambaye mashine yake hairuhusu rr ataianza nayo moja kwa moja.

Asiyeweza kutumia rr ana njia moja ya kuiiga. GDB huzima ubahatishaji wa anwani (kupangwa kwa anwani kwa bahati nasibu) kila inapoanzisha programu, hivyo programu ya uzi mmoja yenye ingizo lilelile kwa kawaida hupewa hipu ileile kila mara. Endesha mara ya kwanza hadi ianguke, andika 0x5555555592a0 pembeni, anzisha upya kwa `start`, kisha weka mtego wenye sharti: `watch *(long *)0x5555555592a0 if *(long *)0x5555555592a0 == 0x555555559`. Bila sharti hilo utasimamishwa kila kipande hicho kinapotumiwa kihalali, nacho hutumiwa mara nyingi. Ikitokea kwamba kosa linaonekana tu pale anwani zinapobahatishwa, itabidi `set disable-randomization off`, na hapo namba uliyoiandika haitakuwa na maana tena katika mbio inayofuata.